Rafiki wa Steringi Naye Ana Picha Yake

Kuanzia Sirari hadi Ring'wani, ingia banda lolote la video, utakuta sheria moja isiyopingwa: picha ni ya steringi. Rafiki yake kazi yake ni kuchekesha, kupigwa risasi katikati ya mkanda na kuliliwa nusu dakika. Basi watu wakisikia kwamba Wajapani huichukua tamthilia ya polisi yenye vichekesho, wakamchomoa humo mtu wa pembeni na kumtengenezea filamu yake, hukumu iko tayari: makombo hayo, wanatafuta hela tu.

Hela wanatafuta, ndiyo. Nani hatafuti? Tamthilia moja ya namna hiyo, Odoru Daisosasen, ilianza Fuji TV mwaka 1997, na filamu yake ya pili, ya 2003, iliingiza zaidi ya yeni bilioni 17. Lakini tazameni kilichofuata. Steringi wa kisa hicho ni Aoshima, aliyekuwa muuza kompyuta kabla ya kuingia polisi. Kituo chake ni kidogo, na wakubwa wa makao makuu wakija kuichukua kesi, askari wa pale wanageuzwa madereva na wahudumu wa chakula. Maiti ipo, muuaji hajulikani, na watu wanahangaikia stakabadhi. Anayesema kichekesho kama hicho ni cha watoto hajawahi kupeleka shauri lake ofisini.

Sasa, mwaka 2005 zikatoka filamu mbili ambazo si za Aoshima. Moja ni ya Mashita, mpatanishi wa polisi. Nyingine ni ya Muroi, yule mkubwa asiyecheka, na safari hii anayekamatwa ni yeye. Mwaka 2024 Muroi akarudi kwa filamu mbili zaidi: ameacha kazi, yuko kwao Akita, mashambani, analea watoto ambao uhalifu umewavurugia maisha. Niambieni ni steringi gani angeruhusiwa kukaa kijijini kiasi hicho bila kurusha ngumi. Aibou, tamthilia nyingine ya polisi ya Kijapani, nayo ilimpa filamu Yonezawa, mchukua alama za vidole, mwaka 2009. Katika picha zetu mtu huyo huwa hana hata jina.

Na hao wanaodharau kilichotoka kwenye televisheni wakumbuke nyota wetu Kanumba na Ray walitokea wapi. Walitokea kundi la Kaole, kwenye tamthilia za ITV. Bongo Movie yenyewe imepita mlango huohuo. Kenya, hapo ng'ambo ya Sirari, Davis Mwabili alipewa kipindi kizima Citizen TV akiwa Inspekta Mwala, polisi wa kuchekesha, na serikali haikuanguka.

Mabanda nayo yanajisuta. Lufufu alipokuwa akitafsiri mikanda kwa sauti yake, wengi walilipa kiingilio kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya steringi. Alikuwa mtu wa pembeni kuliko wote, hata kwenye picha hayumo, na ndiye aliyejaza mabenchi.

Kwa hiyo mtayarishaji akija Ring'wani kutafuta kisa cha polisi, najua ataanzia wapi: ng'ombe wameibwa, yowe limepigwa, vijana wanafuata nyayo. Atataka mwizi mwenye kovu na askari mwenye bunduki. Filamu hiyo tumeshaiona. Ampe kamera mtendaji wa kijiji ambako nyayo zimeishia. Huyo hajaiba, hajaona hata mkia, na bado kijiji chake kitadaiwa kulipa. Mlangoni wamejaa wenye hasira, polisi wanasema kwenye simu gari linakuja, mkewe anauliza hawa wote watakula nini, na yeye anatafuta kalamu ya kuandikia muhtasari wa kikao. Vichekesho vipo, upelelezi upo, na woga upo wa kutosha. Mwizi aonekane mara mbili tu, kwa mbali.