Anayekagua na Anayekaguliwa, Wote ni Wafanya Kazi



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona si la reli. Ni habari ya watu wanaosafiri mara kwa mara kwa ndege, na watu wanaowakagua kabla ya kupanda. Twalileta hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, ukaguzi wa namna ile ya viwanja vya ndege umekwisha kufika kwetu stesheni. Tangu Madaraka Express ilipoanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, abiria wamezoea kupanga mizigo yao chini kwa mstari ili mbwa wainuse, kisha mizigo hupita katika mashine, na mwenyewe hupita mlango wake. Ya pili, yule anayesimama penye mashine ni mfanya kazi kama sisi, na yule anayepanga mizigo chini mara nyingi ni mfanya kazi pia. Wawili hawa wakichukiana, kuna mtu wa tatu anayefaidi.

Kwa kawaida wawili hawa hawasemezani. Mmoja anaamrisha, mwingine anatii huku amenuna. "Vua mshipi! Fungua mfuko! Rudi nyuma!" Msafiri akiuliza sababu huambiwa ni kanuni, basi. Akifika aendako huwasimulia wenzake ya kwamba wakaguzi wote ni watu wakali wasio na adabu. Mkaguzi naye akitoka zamu husema wasafiri wote wana kiburi. Katika nchi hii twajua vema uchungu wa kusimamishwa na kupekuliwa bila kuelezwa neno. Wazee wetu walivaa kipande shingoni tangu miaka ya 1920, na aliyewasimamisha njiani mara nyingi alikuwa Mwafrika mwenzao aliyevaa sare. Walichukiana wao kwa wao, na aliyeiandika sheria alikuwa mbali ofisini, hakuna aliyemwona.

Tutatoa mfano wa Marekani, kwa maana huko jambo hili limejaribiwa miaka mingi. Kabla ya mwaka 2001 ukaguzi wa abiria ulikuwa kazi ya makampuni yaliyolipwa na mashirika ya ndege. Mshahara ulikuwa mdogo, na watu waliacha kazi upesi. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, sheria mpya ilitiwa sahihi tarehe 19 Novemba mwaka uo huo, na kazi ikachukuliwa na idara ya serikali iitwayo TSA, ambayo leo ina wakaguzi karibu 50,000. Kanuni nazo zikaongezeka. Desemba 2001 mtu mmoja alijaribu kulipua ndege iliyotoka Paris kwenda Miami kwa baruti aliyoificha katika viatu vyake. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2006 hadi Julai 2025, abiria wengi wa huko walitakiwa kuvua viatu. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa vitu vya majimaji, ndipo ikaja kanuni ya chupa isiyozidi mililita 100. Kila kanuni ilikuwa na sababu yake. Lakini abiria alisikia amri tu, sababu hakuisikia, na hasira zikajaa.

Waliolalamika zaidi ni wale wanaosafiri kila wiki, na walikuwa na haki. Mtu wa namna hiyo huona mambo ambayo asafiriye mara moja kwa mwaka hawezi kuyaona. Yeye ndiye atambuaye kwamba kiwanja hiki chataka hivi na kile chataka vile. Basi mwanzoni mwa mwaka 2008 TSA ilifungua mlango wa maongezi ya maandishi mbele ya watu wote, msafiri aulize na mtu wa idara amjibu. Wengine walikuja na matusi. Lakini katika siku za kwanza tu wasafiri kadhaa waliuliza swali lililo wazi: kwa nini katika viwanja vingine waamriwa kutoa mfukoni kila kitu cha umeme, hata nyaya na simu, na katika viwanja vingine hawaamriwi? Wakubwa wa idara walipochunguza, walikuta haikuwa kanuni ya nchi hata kidogo. Ilikuwa desturi iliyoanzishwa na ofisi za mahali mahali. Wakaikomesha.

Tazameni, ndugu. Swali moja liliwaondolea mzigo watu wawili. Msafiri hakumwaga tena mfuko wake wote mezani, na mkaguzi hakubishana tena juu ya nyaya tangu asubuhi hata jioni. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na asiyekubali kuulizwa hajifunzi pia.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili tangu zamani. Gari likisimama porini kati ya Voi na Mtito Andei, na hakuna asemaye neno, baada ya nusu saa gadi hutukanwa kana kwamba yeye ndiye aliyevunja injini. Lakini gadi akipita behewa kwa behewa, akasema, "Jamani, twangoja gari la mbele lipite," watu hao hao hutulia, na mwingine humpa hata chai ya chupa. Gari halikuondoka mapema zaidi. Kilichobadilika ni kwamba abiria ameonwa kuwa mtu. Heshima si utumwa. Wala gadi hakupungukiwa na mamlaka yake kwa kusema sababu.

Tena tuwafikirie wale wasafirio mara ya kwanza. Kila siku vijana wetu waondoka Nairobi kwenda kufanya kazi za nyumbani na za ulinzi katika nchi za Ghuba. Wengi wao hawajapata kuona kiwanja cha ndege kwa ndani. Mama amempa binti yake chupa ya asali na mafuta ya nazi, ayatie katika mfuko wa mkononi ili yasipotee. Afikapo penye mashine aambiwa ayatupe. Kwake yeye asali si majimaji, ni chakula kutoka nyumbani. Aona ameibiwa mbele ya watu. Kama msafiri aliyezoea, aliye nyuma yake katika mstari, angalimwambia mapema ayatie katika sanduku kubwa, asali ingefika salama. Kama kungalikuwa na ubao wa Kiswahili nje, wenye picha ya chupa na maneno machache, mkaguzi asingalipata lawama hiyo mara kumi kwa siku. Msafiri wa kila mara asidhani kwamba ujuzi wake ni wa kumpitisha yeye upesi tu. Ni mali ya kuwagawia wenzake.

Najua wako wanachama watakaotuuliza: Urafiki huu si ndio mlango wa chai? Wakisha kujuana, si mkaguzi atampitisha rafiki yake bila kumtazama? Swali hili ni la haki, nasi twalijibu wazi. Urafiki tusemao si wa kupitishana. Mkaguzi anayempitisha mtu kwa sababu wamezoeana, au kwa noti iliyokunjwa mkononi, amewauza wote walio ndani ya gari, na wafanya kazi wa gari hilo ndio wa kwanza. Rushwa hupenda mahali penye giza na minong'ono. Maongezi tunayoyataka ni ya mchana, mbele ya watu, juu ya kanuni zilizo sawa kwa wote. Mtu ajuaye kanuni hatishwi kwa kanuni ya uongo, naye hana haja ya kumnunua mtu.

Vile vile hatusemi kwamba mkaguzi aeleze kila kitu. Kazi ina siri zake. Hatumpi kila abiria nafasi ya kuingia katika kibanda cha ishara na kushika mitambo. Vivyo hivyo mkaguzi hawezi kusema mashine yake yaona nini na haioni nini. Msafiri mwenye busara hatamwuliza. Lakini kati ya kufichua siri na kufoka kuna nafasi kubwa sana, na hapo katikati ndipo salamu, sababu fupi na jibu la adabu vinapokaa.

Sasa twaja kwenye neno ambalo chama hakiwezi kulinyamazia. Msafiri aonapo mstari mrefu humlaumu mtu aliye mbele yake. Lakini huyo si yeye aliyepanga kwamba mashine nne zifanye kazi mbili tu. Mwaka 2003 mkubwa wa TSA aliwanyima wakaguzi haki ya kupatana na mwajiri kwa njia ya chama, akisema vita juu ya magaidi haviruhusu. Haki hiyo ilitolewa mwaka 2011, ingawa kwa mipaka, na wakaguzi wakapiga kura wakachagua chama cha AFGE. Kugoma hawaruhusiwi kwa sheria. Kutoka tarehe 22 Desemba 2018 hadi tarehe 25 Januari 2019, siku 35, wanasiasa waligombana juu ya fedha za serikali, na wakaguzi waliamriwa kuja kazini bila mshahara. Wengine walikosa petroli na pesa za kuwaacha watoto mahali, wakashindwa kufika. Kiwanja cha Miami kilifunga mapema sehemu yake moja kwa siku chache kwa sababu ya upungufu wa wakaguzi.

Ndipo wasafiri wengi walipotambua mtu yule mwenye sare ni nani. Wako waliokuja na chakula wakakitoa penye viwanja. Julai 2023 mishahara ya wakaguzi ilipandishwa ikakaribiana na ya watumishi wengine wa serikali yao. Lakini Machi 2025 serikali ilitangaza kuufuta mkataba wao na chama, na Juni 2025 jaji wa Seattle akalizuia tangazo hilo. Mwaka uo huo, kutoka tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba, siku 43, fedha za serikali zilifungwa tena, na wakaguzi wakakaa kazini bila kulipwa kwa wakati. Watu wa namna hii wahitaji marafiki. Na rafiki aliye karibu nao kuliko wote ni yule msafiri wanayemwona kila wiki, kama hawajamfanya adui.

Hapa kwetu, tarehe 11 Septemba 2024 wafanya kazi wa viwanja vya ndege waligoma kuupinga mpango wa kuikodisha JKIA kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Abiria walikwama saa nyingi. Novemba mwaka huo mpango ulifutwa. Twauliza: ni abiria wangapi siku ile waliokuwa wamekwisha kuelezwa sababu na mfanya kazi mwenyewe, kwa upole, kabla ya siku ya shida? Mgomo usioeleweka kwa abiria hugeuzwa upesi kuwa fimbo ya kumpigia mfanya kazi. Urafiki na umma haujengwi siku ya mgomo. Hujengwa siku elfu za kawaida, penye mlango, kwa neno moja moja.

Kwa hivyo yatupasa kudai na kutenda haya.

Kwanza, kanuni za ukaguzi ziandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa nje, kabla mtu hajaingia mstarini, tena ziwe sawa katika kila stesheni.

Pili, wakubwa watenge siku wanapokaa pamoja wakaguzi na wasafiri wa kila mara, wale wafanya biashara na wanafunzi tunaowajua kwa sura. Malalamiko yaandikwe, na jibu libandikwe mahali palepale. Lalamiko lisilojibiwa hurudi likiwa tusi.

Tatu, mkaguzi asiadhibiwe kwa sababu ameeleza sababu ya amri. Na lalamiko la mstari mrefu lipelekwe kwa mwenye kupanga idadi ya watu, lisikatwe katika mshahara wa aliye zamu.

Nne, mwanachama awapo msafiri, aondoe mshipi na sarafu mapema, aulize kwa adabu, wala asimtukane mtu afanyaye kazi aliyopewa. Kama amekosewa, aiandike saa na mahali, aipeleke panapohusika.

Tano, mwanachama awapo mkaguzi, aanze na salamu. Kisha aseme atakalo, na kwa nini. Mzee akishindwa kuinama, amsaidie. Mwanamke akaguliwe na mwanamke, mahali pa staha.

Matawi yote yalijadili jambo hili katika mkutano wa mwezi ujao. Makatibu watuletee kwa maandishi yale ambayo abiria huuliza zaidi katika stesheni zao, hata yakiwa machungu kwetu. Tutayapeleka kwa wakubwa tukiwa tumeyashika mkononi, maswali ya abiria na majibu ya wafanya kazi pamoja. Karatasi yenye sauti za pande mbili ni vigumu kuitupa kapuni.