MTETEZI WA MNYAMA ASIGEUZWE GAIDI

Hakuna mwananchi mwenye akili timamu atakayeiomba Serikali ilegeze mkono mbele ya watu wanaolipua mabomu. Dar es Salaam na Nairobi zililia pamoja tarehe 7 Agosti 1998, na baada ya msiba ule, na ule wa New York wa mwaka 2001, ndipo nchi yetu ilipotunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Kuwapo kwa sheria hiyo hatukupingi. Tunachokitazama leo ni upana wake, maana vazi lililoshonwa pana mno huishia kuvishwa mtu asiyepimiwa.

Tuanze mbali kidogo, Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limefika mwisho wake. Mwaka 1992 Kongresi yao ilitunga sheria ya kuvilinda viwanda na mashamba yanayotumia wanyama. Mwezi Machi 2006, mjini Trenton, watu sita pamoja na chama chao walitiwa hatiani kwa sheria hiyo, kwa ajili ya kampeni yao dhidi ya Huntingdon Life Sciences, kampuni iliyokuwa ikijaribia dawa na kemikali katika miili ya wanyama. Watu hao hatutawapamba. Katika kampeni ile majina na anwani za waajiriwa zilitangazwa, na watu wakatishwa majumbani mwao. Na waliotishwa hawakuwa wenye hisa peke yao. Mfanyakazi ana haki ya kulala kwake kwa amani, hata kama kazi ya tajiri wake haitupendezi. Lakini sheria ya zamani ilikwisha kutosha kuwafunga! Hata hivyo, mwezi Novemba mwaka ule ule ikatiwa saini sheria mpya, iliyo pana zaidi, na safari hii neno ugaidi likaandikwa katika jina lake.

Ukiisoma sheria hiyo utaona kiini chake ni mali. Mnyama ametajwa humo kuwa ni mali, sawasawa na daftari la hesabu. Mwaka 2013 vijana wawili waliingia katika shamba moja huko Illinois, wakafungulia wanyama wadogo wapatao 2,000 waliofugwa kwa ajili ya manyoya yao, wakaharibu na mali nyingine za shamba. Hakuna mtu aliyejeruhiwa. Hilo ni kosa, na kila nchi ina kanuni ya jinai ya kulihukumu. Wao walishtakiwa kwa sheria ya ugaidi, na mwaka 2017 mahakama ya rufani ikasema sheria hiyo ni halali. Basi hasara ya tajiri imewekwa katika kapu moja na damu ya watu, na mabepari wa huko wamepata bure mlinzi ambaye hapo awali wangemlipa wenyewe.

Wako watakaotuambia kwamba hayo ni mambo ya watu walioshiba. Na waende Lamu. Wananchi wa huko waliupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, wakiihofia mikoko, samaki na riziki ya wavuvi. Mwezi Desemba 2018 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanaharakati wa pwani ile, na ndani yake wamo waliokamatwa na kuambiwa kuwa wana uhusiano na Al-Shabaab. Mwezi Juni 2019 Baraza la Mazingira la Kenya likaifuta leseni ya mtambo huo. Yaani hoja za wale walioitwa magaidi zilikubaliwa mbele ya sheria.

Jina hilo peke yake lina uzito wa kifungo. Masheikh wa Uamsho wa hapa Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, wakakaa rumande Bara bila dhamana mpaka mashtaka yalipofutwa mwezi Juni 2021. Juu ya siasa yao hatusemi neno hapa. Tunaihesabu miaka tu.

Sasa tuje Chwaka. Ghuba yake na msitu wa Jozani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, makao ya kima punju, mnyama asiyepatikana popote duniani ila Zanzibar. Huko humsikii mtu akijiita mtetezi wa haki za wanyama. Lakini wavuvi wa madema wa Marumbi, waliogombana miaka mingi na wenzao wa Chwaka juu ya nyavu za kukokota, walikuwa wakiyatetea majani ya bahari ambamo samaki huzalia, pamoja na matumbo yao. Ugomvi ule ulifika hata kuharibiana zana. Sheha, wazee na maafisa wa uvuvi waliushughulikia kama ugomvi wa jirani na jirani.

Je, ukisomwa katika kifungu cha 4 cha sheria yetu? Kitendo kinachohusu uharibifu mkubwa wa mali huweza kuwa ugaidi, ikiwa nia yake ni kuwatisha wananchi au kuishurutisha Serikali. Na ni maandamano gani yasiyotaka Serikali ibadili jambo? Ni kweli kwamba kifungu hicho kinamkinga anayesimamisha huduma kwa maandamano au mgomo, na wafanyakazi wetu wanapaswa kuijua kinga hiyo kama wanavyojua siku ya mshahara. Lakini kinga hiyo huondoka pale nia inapokuwa kuharibu mali vikubwa, na ukubwa wa hasara, wenye mali hawakosi kuupigia hesabu wenyewe.

Tunawataka wabunge wetu wakitazame tena kifungu hicho, waandike wazi kwamba hasara ya mali isiyohatarisha uhai wala afya ya watu itahukumiwa kwa kanuni ya jinai ya kawaida. Mvuvi aliyekata wavu wa mwenzake apelekwe kwa sheha. Ikishindikana, mahakama ya wilaya ipo, alipe wavu wa watu arudi kwenye madema yake.