Daftari la Wiki: Kichuguu na Pumzi Yake

Vichuguu vya mchwa wakubwa wa savana hupita kimo cha mtu mzima, ilhali mchwa anayevijenga hafiki sentimita 2, tena haoni. Anachojua ni kuokota chembe ya udongo, kuilowesha kwa mate na kuibandika. Mwaka 1959 mwanazoolojia Mfaransa Pierre-Paul Grassé alieleza kwamba kazi iliyokwisha kufanyika ndiyo humchochea mjenzi anayefuata: palipobandikwa chembe moja hubandikwa nyingine, hadi nguzo inasimama. Msimamizi hayupo. Wapo watakaomtaja malkia, lakini kazi yake ni kutaga mayai. Chumbani alimofungiwa hauoni ukuta wala hatoi amri ya kuujenga.

Kinachonivutia zaidi ya kimo ni hewa. Maelfu kwa maelfu ya mchwa, pamoja na kuvu wanaowalima humo ndani, hutoa kabonidioksaidi ambayo ingewaua isipoondolewa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 kutoka vichuguu vya India vilionyesha kwamba mchana kuta za nje hupata joto upesi kuliko kiini, hewa ikapanda pembeni na kushuka katikati; usiku mkondo hugeuka. Nguvu inayouendesha ni jua linapochomoza na kutua. Mzunguko huo haumo ndani ya mchwa mmoja, wala ndani ya chembe ya udongo hata ukiisaga.

Mtu makini atauliza: je, hilo si jumla tu ya chembe zile, na maajabu ni kutojua kwetu? Nakubali kwamba hakuna nguvu ya siri iliyoongezwa. Lakini udongo uleule ukimwagwa chini kama fungu haupitishi hewa namna hiyo. Kilichobadilika ni mpangilio, na mpangilio ni jambo halisi lenye matokeo halisi. Mwanafizikia Philip Anderson alitetea hoja hiyo mwaka 1972: kuzijua kanuni za vitu vidogo hakutoshi kukuonyesha vitakavyofanya vikiwa vingi.

Wala ngazi haiishii kichuguuni. Huko Laikipia, Kenya, utafiti wa mwaka 2010 ulikuta vichuguu vimeachana kwa nafasi zinazokaribiana kulingana, na kadiri unavyokisogelea kimoja ndivyo mimea inavyostawi na wadudu na mijusi kafiri wanavyoongezeka. Anayesawazisha vichuguu ili apate shamba tambarare anaondoa pia mpangilio uliokuwa ukiilisha mbuga nzima.