Njugu za Mwenye Kupunguza Wanga

Neno "njugu" katika lugha yetu limebeba vitu vingi ambavyo kwa tabia zao si ndugu. Ziko njugu nyasa, ambazo siku hizi watu wengi huziita karanga, na ziko njugu mawe. Kisha hutiwa katika kundi hilo hilo korosho, lozi, jozi, na hata makadamia zinazolimwa pande za Mlima Kenya. Kwa mtu mwenye afya yake, jina hilo moja halina madhara. Lakini mtu aliyeambiwa na tabibu kuwa ana maradhi ya sukari, akaazimia kupunguza wali, mihogo na mikate, aghalabu huambiwa na jirani zake: "Wewe kula njugu tu, hazina wanga." Shauri hilo ni kweli nusu, na ile nusu ya pili ndiyo impandishayo mtu sukari.

Tuanze na njugu mawe, maana ndizo zinazodanganya zaidi. Huchimbwa ardhini kama karanga, na sokoni hupangwa jirani na karanga. Lakini zikiwa kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni wanga, na mafuta yake ni machache. Kwa hivyo hesabu yake ni ya kunde na maharage, wala si ya karanga. Si chakula kibaya hata kidogo, na zikipikwa kwa nazi ni nani asiyezipenda? Ila mwenye kupunguza wanga na azile mahali pa wali, wala si pamoja na wali.

Korosho nazo zina heshima kubwa, na heshima hiyo ndiyo huponza. Mgeni akija hupewa korosho. Mgonjwa akienda kutazamwa huchukuliwa korosho. Kijana akirudi kutoka Mtwara au Lindi, zawadi ya wazee ni korosho. Basi yafaa ifahamike kuwa katika gramu 100 za korosho mna wanga kiasi cha gramu 30, na katika hizo, nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari ni gramu 3 tu. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi. Mzee aliyeacha wali wake wa mchana, kisha alasiri akakaa barazani na robo kilo ya korosho hata ikaisha, amekula gramu 75 za wanga. Nazo zapita zile za kikombe kimoja na nusu cha wali alioukimbia! Ni kweli kuwa korosho, kwa ajili ya mafuta yake, hazipandishi sukari kwa haraka kama wali. Lakini kingi ni kingi tu, hata kikienda polepole. Konzi moja, yaani korosho 18 au karibu yake, zamtosha.

Na karanga, chakula cha wanyonge, kiasi hicho hicho cha gramu 100 kina wanga wa gramu 16, na nusu yake ni nyuzinyuzi. Protini yake ni gramu 26, ambayo yaishinda ya korosho na ya lozi pia. Lozi zina wanga wa gramu 22, na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi. Jozi na makadamia zina gramu 14 hivi. Hizo zote ni njema kwa mwenye uwezo. Lakini hatuoni sababu ya mtu kukopa dukani ili anunue lozi, na hali karanga zapita mlangoni pake kila jioni kichwani mwa mchuuzi.

Hapa lazima tuwasemeshe akina mama wa jikoni. Karanga tunazozisifu ni zile zilizokaangwa kavu au kuchemshwa. Kashata si karanga tena, ni sukari iliyoshikana na karanga. Karanga za mayai zimevikwa unga wa ngano na sukari. Na zile za chumvi nyingi hazimfai mwenye shindikizo la damu, ambalo mara nyingi hufuatana na maradhi ya sukari. Vijana nao wanaotaka kupunguza mwili wakumbuke kuwa karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Mwenye kuzitafuna tangu asubuhi mpaka usiku hatapungua, ataongezeka.

Jambo jingine ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa walilishwa mashudu ya karanga yaliyoingia ukungu. Sumu hiyo huharibu ini la mwanadamu vile vile, na moto wa kikaango hauiondoi yote. Basi karanga iliyosinyaa, iliyogeuka rangi au yenye uchungu, itemwe na kutupwa, wala asitupiwe kuku.

Mwenye kupiga sindano ya insulini, au kumeza vidonge vya kushusha sukari, asiache wanga kwa ghafla kabla ya kuonana na tabibu wake. Dawa iliyopimwa kwa mtu mla wali yaweza kumshusha sukari yule aliyeacha wali, hata akazimia. Katika mwezi wa Ramadhani hatari hiyo huzidi, kwa hivyo aende kwa tabibu mapema, kabla mwezi haujaandama.

Na sahani ya njugu isiwekwe chini penye watoto. Aliye chini ya miaka 5 asipewe nzima nzima, maana humpalia; apewe zilizosagwa, naye asiwe mwenye kudhurika nazo.