TAMKO LA TAWI: ANAYEGOMBEA TENA TUMPIME KWA KAZI YA MIAKA MITANO

*Kwa wanachama wote wa tawi, Kariakoo. Februari 2020.*



Kwa wiki kadhaa sasa, kwenye vikao vya misingi na hata vijiweni, limekuwa likirudi neno moja: "Huyu tena?" Linasemwa kuhusu watia nia wa Jimbo la Ilala ambao walishapita kwenye sanduku la kura wakashindwa, na sasa wanajipanga kurudi Oktoba. Wengine wanalisema kwa utani, wengine kwa hasira, na wapo wanaolisema kwa sababu wana mtu wao mfukoni. Muda wa kuchukua fomu haujatangazwa, na uteuzi wa mwisho wa mgombea ubunge ni wa Kamati Kuu, si wa tawi. Hata hivyo maoni ya huku chini yataombwa, na uongozi wa tawi umeona useme msimamo wake mapema, kabla majina hayajaanza kugombanisha watu.

Msimamo wetu ni kwamba kushindwa mara moja au mara mbili hakumfungii mtu mlango, na wala hakumpi haki ya kupewa tena. Tutakachouliza ni alikuwa wapi kati ya uchaguzi na uchaguzi.

Tunao mfano hapa hapa Dar es Salaam. John Mnyika, ambaye tangu Desemba ni Katibu Mkuu wetu, aligombea Ubungo mwaka 2005 akiwa kijana wa miaka 25. Aliyekuwa mbele yake ni Charles Keenja, mtu aliyekuwa ameongoza Tume ya Jiji na kisha akawa waziri. Mnyika alishindwa. Wangekuwepo wakati ule waliosema "huyu tena?" mwaka 2010, na pengine walikuwepo. Lakini hakuhama jimbo na hakuhama chama. Alirudi 2010, akashinda, akaburuzwa mahakamani kwa kesi ya kupinga matokeo, na Mei 2012 Mahakama Kuu ikasema ubunge ni wake. Kero ya maji aliyoikuta mitaani aliifikisha bungeni Februari 2013 kama hoja binafsi, na kila anayekumbuka kikao kile anajua ilivyozimwa. Jimbo lilipogawanywa 2015 alikwenda Kibamba akashinda tena, na Ubungo ikabaki kwa Saed Kubenea. Kama chama kingemtupa baada ya 2005, tusingekuwa na jimbo lile wala huyo Katibu Mkuu.

Tundu Lissu naye alijaribu ubunge Singida mwaka 1995 kupitia NCCR-Mageuzi, akakosa. Aliingia bungeni 2010.

Tuangalie na upande wa pili, kwa sababu kuna wanachama wanaodhani aliyeshinda ndiye bora na aliyeshindwa ni mzigo. Mwaka 2015 upinzani ulichukua majimbo sita kati ya kumi ya mkoa huu. Hadi leo, wabunge watatu kati ya hao sita wameshavuka: Maulid Mtulia wa Kinondoni, Mwita Waitara wa Ukonga, Abdallah Mtolea wa Temeke. Wote walituambia wanaunga mkono juhudi. Watu waliosimama kwenye jua kuwapigia kura, na mawakala waliolinda masanduku yao usiku kucha, hawakuulizwa. Sasa mtu aliyeshindwa 2015, ambaye hakupata mshahara wa bunge wala gari, na ambaye hadi leo kadi yake iko hai na michango yake ipo kwenye daftari la mhazini, huyo ametuonyesha kitu ambacho wale watatu hawakukionyesha. Tusimdharau.

Lakini uvumilivu peke yake haujazi sanduku. Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, mtu tunayemheshimu kwa elimu yake, aligombea urais 1995, 2000, 2005 na 2010. Kura zake zilipanda mara ya pili, zikashuka mara ya tatu, zikashuka tena mara ya nne. Ikifika hapo jina linazoeleka kama tangazo la ukutani: kila mtu analiona, hakuna anayelisoma.

Kwa Ilala tuna shida ya kwetu ambayo watia nia wengi, wapya kwa wa zamani, hawataki kuisikia. Mgombea akipita Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi anapokelewa kama mfalme. Wamachinga wanapiga miluzi, wapakuaji mizigo wanashusha mzigo kumpa mkono, akina mama wa Shimoni wanamwita kwa jina. Anarudi nyumbani akiamini ameshashinda. Saa moja usiku umati ule wote uko kwenye daladala za Mbagala, Gongo la Mboto, Buza na Kimara, na huko ndiko ulikojiandikisha. Siku ya kura hautakuwepo hapa. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilizokuwa na familia nne au tano sasa ni maghorofa ya maduka na stoo, na wenyewe waliouza wamehamia pembezoni. Kura za jimbo hili ziko kwa wanaolala hapa: Mchikichini, Ilala, Jangwani, Gerezani, kwenye ghorofa za Upanga Mashariki na Magharibi ambako wengi wetu hatujawahi kubisha hodi, na kwa hao wachache waliobaki Kariakoo yenyewe. Mtia nia aliyeshindwa na bado anatuhesabia vichwa vya Mtaa wa Kongo, huyo uchaguzi uliopita haukumfundisha chochote.

Tukubaliane pia kwamba mazingira yamebadilika. Mnyika alikuwa na miaka mitano ya kuzungumza na watu baada ya kushindwa. Tangu katikati ya 2016 mikutano ya hadhara imezuiwa, na anayeruhusiwa ni mbunge ndani ya jimbo lake tu. Ilala mbunge si wetu, kwa hiyo mgombea wetu wa 2015 hana jukwaa, na hata angetaka kusimama pale Mnazi Mmoja asingefika neno la tatu. Novemba mwaka jana wagombea wetu wa serikali za mitaa walienguliwa kwa wingi na chama kikajitoa, kwa hiyo hata mwenyekiti wa mtaa wa kutusemea hatuna. Anayesema "mbona hatukumwona miaka yote mitano" akumbuke hilo kabla ya kuhukumu.

Ila jukwaa si mahali pekee pa kuonekana. Hakuna aliyezuiwa kwenda msibani. Hakuna aliyezuiwa kukaa na machinga aliyelipa shilingi 20,000 za kitambulisho halafu bado akafukuzwa barazani, akamsaidia kuandika malalamiko. Jangwani maji huingia ndani kila masika, na mwenye nia ya jimbo anajulikana siku ile maji yanapokuwa magotini. Vikao vya ndani vinafanyika, na daftari la mahudhurio lipo kwa katibu. Tutalifungua.

Kwa hiyo kila mtia nia atakayekuja tawini, awe ni mara yake ya kwanza au ya tatu, tutamtaka atujibu. Misingi mingapi ameisaidia kusimama tangu 2015? Mawakala wake wa mwaka ule anawajua kwa majina, na je, aliwalipa nauli na chakula alivyoahidi? Nakala za fomu 21B za vituo anazo, ziko wapi? Maana mtu asiyejua alipata ngapi Mchikichini na ngapi Upanga hawezi kutuambia safari hii atazidisha wapi. Hili la fomu tunalikazia. Aliyegombea na hana hata karatasi moja ya matokeo ya vituo anaanza sifuri sawa na mgeni, na mgeni angalau hana lawama.

Wanaotaka sura mpya kila uchaguzi nao watafakari jambo moja. Mussa Zungu wa CCM amekuwa mbunge wa Ilala tangu 2005, amerudi 2010, amerudi 2015, na mwezi uliopita ameteuliwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais. Kule kwao hatujasikia mtu akiuliza "huyu tena?" Sisi tukimpelekea mgeni kila baada ya miaka mitano, nusu ya kampeni inaishia kwenye kulitambulisha jina. Mtu anayejulikana, na ambaye kosa lake ni kushindwa tu, ni mtaji ambao umeshalipiwa. Usitupwe kwa hasira za kijiweni.

Kwa sasa kazi iliyo mbele ni daftari la wapiga kura. Mwanachama aliyehamia jimbo hili ahamishe taarifa zake, na aliyetimiza au atakayetimiza miaka 18 kabla ya Oktoba ajiandikishe. Kila mwenyekiti wa msingi alete kwa katibu orodha ya wanachama wanaolala ndani ya kata zetu, na kando yake orodha ya wanaofanya kazi hapa lakini wanapiga kura kwingine, ili tuwaunganishe na matawi ya huko. Orodha ziwe zimefika kabla ya mwisho wa mwezi.

Watia nia wasiombe kuja tawini na wapambe. Waje mmoja mmoja, kikao cha ndani, na karatasi zao mkononi. Kukashifiana kwa majina kwenye kundi kumekatazwa kuanzia leo, na atakayerudia ataitwa na kamati ya utendaji ya tawi.

Ujumbe huu ni wa wanachama wa tawi. Usitumwe nje.

*Uongozi wa Tawi*
*Kariakoo, Jimbo la Ilala*