Pangaboi Halitengenezi Baridi

Majuzi, katika siku za joto kali, nilikwenda kumtazama bibi mmoja mgonjwa. Nikamkuta chumbani, madirisha yote yamefungwa, na pangaboi lazunguka darini kwa nguvu. Mwanawe akaniambia, "Mwalimu, tumefunga ili baridi isitoke." Nikaona ni vema kulieleza jambo hili hapa, maana wengi hudhani hivyo.

Jina lenyewe latoka Bara Hindi. Panka lilikuwa pazia kubwa lililoning'inizwa darini, na boi ni mtumishi aliyelivuta kwa kamba mchana kutwa (naye, maskini, hakupepewa na mtu). Mwaka 1882 Schuyler Wheeler, mtu wa Marekani, alitengeneza feni ya mezani yenye mapanga mawili, iliyoendeshwa kwa umeme. Ndani ya feni mna nyaya za shaba zilizoviringwa. Umeme upitapo, nyaya hizo huwa kama sumaku, na nguvu ya sumaku huzungusha mhimili. Mapanga yameinamishwa kidogo, ndiyo sababu yaisukuma hewa, wala hayaikati tu.

Lakini hewa ile haipoi. Ukitundika kipimajoto kikavu mbele ya feni, hakishuki. Tena mota yenyewe huongeza joto kidogo. Kinachopoa ni mwili wako: upepo waondoa hewa yenye unyevu iliyo juu ya ngozi, jasho hukauka upesi, nalo likikauka huchukua joto la mwili. Kwa hiyo kuliacha pangaboi likizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme bure. Na huku pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, jasho hukauka polepole, na faida yapungua.

Yatupasa kujihadhari pia. Shirika la Afya Duniani lashauri feni itumiwe joto likiwa chini ya nyuzi 40 za sentigredi. Joto likipita hapo, upepo waupasha mwili moto badala ya kuupoza, na wazee ndio wadhurikao upesi.

Basi tulifungua madirisha, maana jua lilikuwa limekwisha kuchwa na nje kumepoa. Tukamfuta bibi mikono na shingo kwa kitambaa chenye maji, tukampa na maji ya kunywa. Pangaboi tukaliacha lizunguke polepole. Kabla sijaondoka, aliomba uji.