K'Ogalo na miaka 18 ya kiu
Shabiki wa Gor Mahia hana haja ya kuelezwa jinsi timu kali inavyokaa bila taji la ligi. Baada ya ubingwa wa 1995, K'Ogalo walingoja hadi 2013. Mtoto aliyezaliwa katika shangwe zile alikuwa tayari kijana wa kunyoa ndevu!

Wachezaji walikuwepo. Siku ya mwisho ya msimu wa 2012 walitoka sare ya 1-1 na Thika United, Tusker wakabeba kombe. Watu wazima walilia hadharani.

Wengi humsifu kocha Bobby Williamson kutoka Scotland, na anastahili. Lakini, msomaji wangu, yeye alifika katikati ya msimu wa 2013, akapokea vijana waliokwisha kuonja uchungu ule. Klabu nyingi zetu zingekuwa zimewatimua. Mwaka 2014 walitetea taji, na 2015 wakalitwaa bila kushindwa hata mechi moja.

Basi timu yako ikikabwa sare na vibonde leo, usiwazomee vijana. Waulize viongozi kama watakuwepo mwakani.